Nusa Ndai Yako Kabla Ulale Ndani

 

Wasee wa Muthara, form ni hii. Mbogi inachanga doh, inanunua mathree ya kitambo, inang'oa siti, inaweka kitanda ya mbao, godoro, pazia na spika moja safi. Keja ya magurudumu imeshikana. Wikendi ikifika mnapitia Maua, mnaingia mbuga ya Meru kwa geti ya Murera, zile sides simba Elsa alirudishwa porini na kina Adamson. Ama mnateremka Isiolo kutafuta jua. Ama mnapaki tu karibu na Ziwa Nkunga ndani ya msitu wa Imenti, chai inachemka, ngoma iko chini chini. Hiyo ni life poa na haihitaji doh ya hoteli.

Lakini chuma ya kitambo ina tabia zake, na ya kwanza ni kunuka. Wasee wengi wakisikia harufu wanafungua dirisha na kusonga mbele. Mimi nasema hivi: kila harufu ya ekzosti iko na maana, na ukiijua utamfikia fundi ukiwa na rada. Na ju wewe unalala ndani ya hiyo ndai, hii rada si ya kusevu ganji peke yake. Ni ya kuamka asubuhi.

Hizi chuma ziko aje

Nyingi za hizi ndai ni Nissan Caravan za E24, zile za injini ya dizeli ya TD27, ama Toyota Hiace za kitambo. Zilipiga kazi ya mathree miaka mingi. Zingine ziliona 2004, wakati waziri John Michuki alileta mistari ya njano, mishipi na spidi gavana. Na venye sheria ya Kenya haikubali gari imepita miaka 8 iingie nchini, hiyo Hiace ya miaka ya tisini yenye umenunua imezeekea hapa hapa kwetu. Imepitia mikono mingi, na kila mkono ulifunga kitu na waya.

Kitu ya pili ya kujua: kwa hizi van injini iko chini ya siti za mbele. Kifuniko chake kiko pale pale unakalia, na rababa yake mara nyingi ishakauka ama iling'oka kitambo. So chenye kinavuja huko chini hakina safari ndefu. Kinafika kwa pua yako, alafu kwa msee amelala nyuma.

Jiulize vitu tatu kwanza

Kabla uanze kushuku injini, jiulize harufu inakuja saa ngapi. Ni mangware ukiwasha, ni ukipanda mlima, ni ukiteremka, ama ni ukishazima? Ya pili, iko wapi: kwa paipu ya nyuma, chini ya siti, ama ndani pekee? Ya tatu, moshi iko na rangi gani: nyeupe, bluu, nyeusi, ama hakuna kabisa? Andika kwa simu. Haya majibu ni nusu ya kazi ya fundi.

Pia toa kwa hesabu zile harufu si za ekzosti. Ukiteremka milima ya Nyambene ukikanyaga breki kila saa, utaskia harufu kali ya breki kuungua. Hapo simama zipoe, na siku ingine shuka na gia ya chini. Ukipanda na mzigo mzito na harufu ikuje kama ya karatasi imeungua, hiyo ni klachi inateleza. Na ukiskia petroli wakati injini imezimwa, hiyo ni paipu inavuja. Usiwashe nare, usivute fegi, usiguse swichi yoyote. Toka nje, wote mtoke.

Harufu tamu na moshi nyeupe

Ukinusa utamu kama wa sharubati na nyuma kuna moshi nyeupe yenye haiishi ata injini ikishapata moto, kulanti inaingia mahali inachomwa. Mara nyingi ni hedi gasketi imeenda, ama hedi yenyewe imepasuka. Hizi injini za dizeli hazipendi kuchemka, na mlima wa kutoka Isiolo hadi Subuiga unazichemsha kweli. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, joto ni kali, na mnapanda mkiwa mmejaza maji, jiko, hema na watu.

Cheki hivi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua rediata, mwambie mtu awashe. Ukiona mapovu hayaishi, gesi ya injini inaingia kwa maji. Shika hosi ya juu: ikikuwa ngumu kama jiwe dakika za kwanza kabla injini ipate moto, ni stori hiyo hiyo. Fungua kifuniko cha oili: ukipata uji mweupe kama maziwa, na kijiti cha oili pia kiko hivyo, maji na oili zimekutana. Ukiona maziwa kidogo tu kwa kifuniko na oili iko safi, inaweza kuwa ni unyevu wa asubuhi za baridi, usipanik. Na usiwahi fungua rediata ya moto. Mvuke inachoma uso hadi mfupa.

Hapa kuna mtego. Ule utamu unatoka kwa glaikoli yenye iko ndani ya kulanti. Kama wewe huweka maji ya mfereji ama ya mto pekee, hedi gasketi ikienda hakuna harufu tamu. Utaona tu mvuke na maji kupungua. Kulanti ya ukweli inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inakupea onyo kwa pua. Nunua. Alafu iweke mbali na watoi na mbwa, ju ni tamu na ni sumu.

Moshi nyeupe yenye inachoma macho

Kuna nyeupe ingine. Baridi ya Nyambene asubuhi, unawasha dizeli, inakohoa, inatoa moshi nyeupe ya kijivu yenye inawasha macho na inanuka dizeli mbichi. Baada ya dakika chache inaisha. Hiyo si maji. Ni dizeli haijaungua vizuri ju silinda bado ni baridi. Anza na hita plagi. Moja ama mbili zikikufa, hiyo ndio sura yake, na kuzipima ni kazi ndogo ya fundi wa waya. Kama moshi haiishi ata injini ikipata moto, sasa ndio uangalie nozo, taimingi ya pampu, alafu kompresheni.

Moshi bluu na oili kuungua

Bluu ni oili. Swali ni inapitia wapi. Ikitoka tu asubuhi ukiwasha alafu inapotea, oili ilishuka usiku kupitia valvu sili zenye zimekauka. Ikitoka kila ukikanyaga mafuta ukipanda, na kijiti cha oili kinashuka kila wiki, ringi za pistoni zimeisha. Kama una turbo na moshi ilianza ghafla, cheki turbo kabla mtu akuambie ufungue injini mzima.

Alafu kuna ile ya kunusa oili imeungua na nyuma hakuna moshi yoyote. Hiyo iko nje ya injini. Gasketi ya tapet kava imekauka, oili inadondokea manifoldi ya ekzosti yenye ni moto. Kwa Hiace na Caravan hiyo iko chini ya siti yako. Ni gasketi ya bei ndogo, lakini oili kwa chuma ya moto ni vile ndai huwaka nare. Usiiache hadi mwezi ujao.

Petroli mbichi na moshi nyeusi

Kama ndai yako ni ya petroli, labda Kombi ya VW yenye kabureta, na paipu inanuka petroli mbichi, inakunywa mafuta mob kuliko yenye hewa yake inaweza kuchoma. Angalia choki kama imekwama, floti ya kabureta, na plagi. Plagi nyeusi yenye ina masizi kavu inasema mafuta imezidi. Plagi yenye imeloa inasema haichomi kabisa, na injini itakuwa inamisi.

Kabureta pia inajali mwinuko. Ndai yenye ilityuniwa Mombasa, kule bahari iko kando, ikifika Timau zaidi ya mita 2,000 juu, hewa imepungua lakini kabureta bado inamwaga mafuta ile ile. Inanuka, inatoa nyeusi, inakosa nguvu. Fundi wa kabureta hapa Meru ataisawazisha na hewa ya huku, na ukishuka bahari uisawazishe tena.

Kwa dizeli, moshi nyeusi kwa mlima inaanza na ea klina. Barabara za vumbi za ndani ya mbuga zinajaza hiyo filta haraka sana. Itoe, uigonge, ikikataa nunua ingine. Kama ni safi, angalia nozo. Na uliza mwenye alikuuzia ndai kama kuna fundi alizungusha skrubu ya pampu ndio ndai ivute. Hiyo inaongeza dizeli tu, na yenye haichomeki inatoka nyuma nyeusi.

Kuna harufu ingine mnajua kutoka kwa stovu ya kejani: mafuta ya taa. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru ya bob 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ndio wajanja waache kuichanganya na dizeli. Mafuta ya taa haina ulainisho wa dizeli, so inakula pampu polepole. Kama harufu ilianza siku ile uliweka mafuta mahali pageni, usiendelee kuweka hapo, tunza risiti, na EPRA ndio wenye wanashughulika na hiyo maneno.

Mayai mabovu

Hii ndio wasee wengi hukosea. Kwa ndai ya petroli yenye bado ina masega (katalitiki konveta) ndani ya ekzosti, harufu ya mayai mabovu inasema masega imechoka ama injini inaipea mafuta mob. Lakini dizeli ya kitambo kama TD27 haina hiyo masega, na tangu 2015 dizeli ya Kenya ilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni. So ukinusa mayai kwa Caravan ya dizeli, wacha ekzosti. Angalia betri.

Keja ya magurudumu huwa na betri ya pili chini ya kitanda, ya taa, spika na friji ndogo. Altaneta ikichaji kupita kiasi, betri inachemka na kutoa gesi ya salfa yenye inanuka mayai, na haidrojeni yenye inalipuka na cheche moja. Pima na mita injini ikiwa imewashwa: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa, ikipita 15 kuna ngori. Betri ikiwa imefura ama ni moto kushika, usilale juu yake. Na betri yoyote ya asidi yenye iko ndani iwekwe kwa boksi yenye ina paipu ya kutoa hewa nje.

Na kama bado una masega, usiiuze. Najua kuna mabroka wanalipa poa ju ya platinamu, paladiamu na rodiamu yenye iko ndani. Ukiitoa, gesi mbaya yote ya petroli inatoka mbichi, na inatoka chini ya mahali unalalia.

Ile haina harufu

Sasa tufike kwa yenye imenifanya niandike hii yote. Gesi yenye inaua zaidi kwa ekzosti ni kaboni monoksaidi, na haina harufu, haina rangi, haichomi koo. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, so unaendelea kupumua na mwili haupati kitu. Dalili zinafanana na kuchoka kwa safari: kichwa inauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, usingizi mzito. Msee ametafuna jaba ama amekunywa kidogo anaweza kudhani ni hiyo. Mwenye amelala hadhani kitu.

Kwa hivyo shika hii sheria: ukinusa moshi ya ekzosti ndani ya van, chukulia kaboni monoksaidi pia iko ndani. Pua imekuonyesha rafiki yake. Na ukiacha kunusa, hiyo haimaanishi imetoka.

Tafuta mahali inaingilia. Mangware injini ikiwa baridi, iwashe nje mahali wazi, uskize chini ya siti. Tik tik tik yenye inaisha ikipata moto ni gasketi ya manifoldi. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwa maungio. Pitisha maji ya sabuni kwa maungio ya paipu dakika za kwanza kabla ipate moto, ukiona mapovu umepata. Alafu angalia sakafu. Kila tundu mlitoboa mkipitisha waya ya betri ama paipu ya sinki ni mlango, zibeni na silikoni na rababa. Rababa ya mlango wa nyuma pia. Van ikikimbia, nyuma yake inavuta moshi irudi, so ukiacha dirisha ya nyuma wazi peke yake unaikaribisha. Fungua za mbele.

Na paipu ya ekzosti imalizikie nje ya bodi. Kuna wale hukata fupi chini ya sakafu ndio ingurume. Kwa ndai ya kulala, hiyo ngurumo inaweza kuwa ya mwisho.

Usiku usilale injini ikinguruma ndio mpate joto, ata kama Nyambene ni baridi aje. Usiingize jiko ya makaa ndani, ata kama moto umebaki kidogo, ata kama dirisha iko wazi kidogo. Makaa inatoa gesi ile ile. Blanketi mbili, soksi na chupa ya maji moto zinatosha. Nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi, mkifunge karibu na vichwa mahali mnalala, na mkipime kabla ya kila safari.

Mtu akianza kuumwa kichwa na wengine pia wanaskia hivyo, zima injini, toeni kila mtu nje, alafu hosi. Hewa safi peke yake inachukua masaa 4 ama 5 kutoa nusu ya hiyo gesi kwa damu. Oksijeni ya hosi inafanya hiyo kazi kwa kama saa moja na nusu. Kwa sisi wa huku, Maua Methodist iko karibu, na Meru mjini kuna hospitali ya rufaa. Ambieni daktari mlikuwa ndani ya gari na injini, msiseme tu kichwa inauma.

Ukifika kwa fundi

Msee akifika gereji na kusema tu "ndai inanuka", fundi anabaki kubahatisha, na kila kubahatisha ni doh yako. Ongea hivi:

"Shikamoo fundi. Mangware inatoa moshi ya bluu dakika moja alafu inaacha. Kwa mlima haitoi. Oili inashuka kidogo, maji haishuki."

"Marahaba kijana. Hiyo ni valvu sili. Ringi wachana nazo kwanza."

Hapo umesevu kufungua injini mzima. Mheshimu fundi, lakini uliza akuonyeshe parti ya zamani yenye ametoa, na usikubali ekzosti yenye imepasuka ipakwe simenti alafu iitwe imepona. Ichomelewe vizuri ama ibadilishwe.

Mbogi ya Muthara, na kila msee ana keja ya magurudumu kutoka Embu hadi Laare: kabla ya wikendi ijayo, chukueni asubuhi moja. Washeni ndai ikiwa baridi, nuseni, skizeni, chekini maji na oili, zibeni matundu ya sakafu, na changeni ya king'ora. Kama moshi inaingia ndani, hiyo ndai hailaliwi hadi itengenezwe.